Mali Isiyo Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilitungwa kumwonya mfanyabiashara mzembe asiyehesabu kiingiacho na kitokacho dukani mwake, na kwa kazi hiyo ni methali njema. Lakini ichukue methali hiyo hiyo uitie mkononi mwa mwenye nguvu, nawe utaona jinsi inavyogeuka kuwa silaha. Yeye aliyeshika kalamu ndiye aandikaye daftari. Akiisha kuliandika humwambia asiye na kalamu atafute jina lake humo. Na jina lisipoonekana, shamba la mtu huwa si lake, nyumba yake huwa kibanda cha mvamizi, na jasho lake la miaka 20 huwa halikutoka. Nataka kuipinga hukumu ya namna hii, na shauri nitakaloliweka mbele ya msomaji ni la wakulima wa pwani ya Kulon Progo, katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia.

Kulon Progo maana yake ni magharibi ya mto Progo. Ni wilaya ya mkoa wa Yogyakarta, na kusini imepakana na Bahari ya Hindi, bahari ile ile tuijuayo sisi. Baina ya mlango wa mto Progo na mlango wa mto Bogowonto pwani hii ni ukanda wa mchanga mweusi. Nyuma ya mchanga liko bonde la mpunga, na nyuma ya bonde viko vilima vya Menoreh. Mwanakijiji wa hapo huigawa ardhi katika mafungu, na kila fungu lina jina lake na desturi yake. Sawah ni jaruba la mpunga lililotengenezewa maji. Tegalan ni shamba kavu la mihogo na karanga. Pekarangan ni kiwanja kiizungukacho nyumba, nacho ni ghala lililo hai: humo mna minazi, migomba, mboga, dawa na kuku. Minazi ya huko hugemwa. Mgema hupanda asubuhi na jioni kama mgema wetu, ila tembo lake halinywewi, bali huchemshwa jikoni mpaka likawa sukari. Liko pia fungu la ardhi ya kijiji ambalo wakuu wa kijiji hulilima badala ya mshahara.

Juu ya mafungu haya zimejengwa kanuni za mali ambazo hakuna afisa aliyezileta. Mume na mke wakichuma pamoja, kilichochumwa huitwa gono-gini, na wakiachana hugawanywa baina yao. Katika urithi wako wagawao sawa kwa sawa, na wako wafuatao sharia, ambao husema kwa lugha yao kwamba fungu la mwanamume ni mzigo wa mzegazega na la mwanamke ni mzigo wa mgongoni, yaani vikapu viwili kwa kimoja. Hata maneno yenyewe hayatakuwa mageni kwa msomaji wetu. Haki wao huita hak. Milki huita milik. Wakfu huita wakaf. Na haki kamili ya ardhi katika sheria ya nchi yao ni hak milik. Wao na sisi tuliyateka maneno haya katika kisima kimoja cha Kiarabu. Basi mtu asituambie kuwa watu hawa hawakujua mali ni nini mpaka walipofundishwa na ofisi ya ardhi.

Mchanga wa pwani ulikuwa nje ya mafungu hayo. Ulikuwa umekufa. Jua liliuchoma hata haukanyagiki, upepo wa bahari uliutupa mashambani na majumbani, na watu waliokaa kando yake walihesabiwa katika maskini wa mwisho. Katika miaka ya 1980 wakulima wa kijiji cha Bugel na majirani zao walianza kujaribu lisilojaribiwa. Husimuliwa kwamba mmoja wao aliuona mche wa pilipili umejiotea mchangani na kuzaa, akajiuliza: ikiwa mmoja waota pasipo kutunzwa, kwa nini elfu zisiote zikitunzwa? Wakachimba visima, kwa kuwa chini ya mchanga ule maji matamu hayako mbali. Kuta za visima vya kwanza zilishikizwa kwa mianzi. Baadaye zikaja pete za saruji. Wakabuni mabirika yaliyounganishwa kwa mabomba na kupokezana maji ya kisima kimoja, ili mwenye kumwagilia asiende mbali na ndoo zake mbili. Wakaleta samadi na udongo mzito kuushika mchanga. Wakapanda mivinje, mti ule ule uinamao katika pwani zetu, kuuzuia upepo. Mchanga ukazaa pilipili, ukazaa matikiti, na masoko ya Jakarta yakala kutoka humo.

Walipokwisha kuushinda mchanga waliushinda na ulanguzi. Zamani mnunuzi alikuja shambani na bei yake mfukoni, na mkulima aliipokea kama mgonjwa apokeavyo dawa. Wakulima wakaanzisha mnada wao. Jioni pilipili za kikundi kizima hukusanywa mahali pamoja. Wafanyabiashara huandika bei zao katika vikaratasi na kuvitia ndani ya sanduku. Vikifunguliwa, aliyeandika bei kubwa kuliko wenzake ndiye achukuaye. Mnyonge wa jana akawa mtu wa kungojewa na mnunuzi. Haya yote yalitendwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na karatasi moja ya kuonyesha kuwa mchanga ule ni wao.

Ndipo walipotokea wenye daftari. Ilijulikana kwamba ndani ya mchanga mweusi mna chuma. Mwaka 2006 wakulima waliunda chama chao cha kuilinda ardhi ya pwani, na mwaka 2008 serikali ya Indonesia ilitia sahihi mkataba na kampuni ya kuchimba chuma hicho. Eneo lililoandikwa katika mkataba lilikaribia hekta 3,000, ukanda wa kilometa zipatazo 22 kando ya bahari. Wakulima walikataa. Mwaka 2011 mmoja wao alifungwa gerezani kwa sababu ya mzozo huo. Upande wa magharibi, katika tarafa ya Temon, likaja jambo la pili: kiwanja kipya cha ndege cha Yogyakarta, kilichohitaji hekta 587 katika vijiji vya Glagah, Palihan, Sindutan, Jangkaran na Kebonrejo. Kazi ilizinduliwa Januari 2017. Mwishoni mwa mwaka ule nyumba za waliokataa kuuza zilikatiwa umeme na miti yao iling'olewa. Katikati ya mwaka 2018 nyumba za mwisho zilibomolewa. Tarehe 6 Mei 2019 ndege ya kwanza ya abiria ilitua mahali palipokuwa na mashamba ya matikiti.

Wanaoyatetea mambo haya wana hoja nne. Nitazichukua moja moja, kwa kuwa si haki kumjibu mtu kwa neno asilolisema.

Hoja ya kwanza yasema kwamba mchanga wa pwani ni ardhi ya wafalme tangu kale. Mkulima ni mpangaji tu, na mwenye nyumba akitaka chumba chake mpangaji hana budi kutoka. Hebu tuupime ukale huu. Ufalme wa Yogyakarta ulizaliwa kwa mkataba wa Giyanti wa mwaka 1755, na mkono wa Kampuni ya Kidachi ya India ya Mashariki ulikuwamo katika mkataba huo. Enzi ya Pakualaman, ambayo sehemu kubwa ya pwani hii huhesabiwa kuwa yake, iliundwa mwaka 1813, baada ya Waingereza kulivamia jumba la Sultani wa Yogyakarta mwaka 1812. Aliyekuwa akitawala Java wakati ule kwa niaba yao ni Raffles. Bwana huyu huyu ndiye aliyeshika sana nadharia kwamba katika Java mwenye ardhi yote ni mtawala, na mkulima ni mlipaji kodi wake. Nadharia hiyo ilimfaa, maana mtawala kwa wakati ule alikuwa ni yeye. Wadachi waliporudi hawakuitupa. Mwaka 1870 walitangaza kwamba ardhi yo yote ambayo mtu hawezi kuthibitisha kuwa ni milki yake kamili ni ya dola. Na mwaka 1918 wafalme wa Yogyakarta na Pakualaman walitoa tangazo la mfano huo huo katika magazeti yao ya sheria: ardhi isiyo na ushahidi wa milki ya mtu mwingine ni ya ufalme.

Hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Milki iliyotakiwa kuthibitishwa katika tangazo la 1918 ilitajwa kwa neno la Kidachi, eigendom, nayo ni haki itokayo katika sheria za Wazungu. Mwanakijiji wa Kijava hakuwa nayo, na yamkini hakuwahi kuisikia. Alikuwa na shamba alilofyeka babu yake, alikuwa na mipaka ijulikanayo na majirani, alikuwa na minazi iliyohesabika. Lakini aliulizwa kwa lugha asiyoijua kuhusu cheti kisichopata kuandikwa kwa ajili ya watu kama yeye. Ni sawa na kumtaka samaki athibitishe kwa nyayo zake kuwa bahari ni kwake. Mtihani ule uliwekwa ili ushindwe. Anayeutegemea leo na kuuita mila ya kale aitwe kwa jina lake la haki: mrithi wa ukoloni aliyevaa joho la mababu.

Tena Indonesia huru ililiona kosa hili na kulitia wino. Sheria ya msingi ya ardhi ya mwaka 1960 iliyafuta matangazo yale ya kikoloni, ikasema kwamba dola si mwenye ardhi bali ni mwangalizi wake kwa niaba ya watu, na ikatamka kwamba haki za falme za zamani juu ya ardhi zimekoma. Katika mkoa wa Yogyakarta sheria hiyo ilitangazwa kutumika kwa ukamilifu mwaka 1984. Kisha, mwaka 2012, sheria ya mamlaka maalumu ya mkoa huo ilizipa Usultani na Pakualaman hadhi ya kuwa na ardhi, na ikathibitisha kwamba Sultani ndiye awaye gavana na Paku Alam ndiye awaye makamu wake. Msomaji na aitafakari hali hii. Mwenye kudai ardhi, mwenye kuiandikisha na mwenye kuamua itumiwe kwa kazi gani ni watu wa nyumba mbili. Huhitaji kumdhania Sultani ubaya wo wote ili kuona kwamba hapa haki haina mahali pa kukaa. Kadhi mwadilifu kuliko wote akiwa ndiye mdai katika shauri analolikata, hukumu yake haitaaminiwa, na haistahili kuaminiwa.

Hoja ya pili ni kinyume cha ya kwanza, ingawa mara nyingi hutoka katika kinywa kimoja. Husema kwamba mchanga ule ulikuwa wa bure, haukuwa wa mtu, kwa hiyo aliyeulima alijichukulia tu. Kama ulikuwa wa wafalme haukuwa bure, na kama ulikuwa bure haukuwa wa wafalme. Lakini na tuache hilo. Ardhi iliyokufa huwa ya nani? Wajava walikwisha kulijibu swali hili katika lugha yao. Ardhi ya urithi aliyoifyeka mtu kwa mikono yake huitwa yasan, na asili ya neno hilo ni kutengeneza: ni ardhi iliyofanywa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo Java kama yafuatwavyo katika pwani yetu, nao wana mlango mzima juu ya kuhuisha ardhi iliyokufa. Na kwa Mashafii mwenye kuihuisha huimiliki, wala hashurutishwi kupata kwanza idhini ya mtawala. Hata kanuni ya serikali ya Indonesia ya mwaka 1997 kuhusu uandikishaji wa ardhi inakubali, pale hati zinapokosekana, ushahidi wa mtu kuishika ardhi miaka 20 mfululizo kwa nia njema na kwa uwazi. Mila imenena, dini imenena na kanuni ya serikali imenena, zote kwa sauti moja. Mkulima wa Bugel aliyechimba kisima katikati ya miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kutimiza miaka 20 kabla mkataba wa chuma haujatiwa sahihi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami sitaidharau. Yasema kwamba mali ya mtu mmoja yapasa kuipisha faida ya wengi. Ni kweli kwamba sheria ya 1960 yenyewe husema kila haki ya ardhi ina wajibu kwa jamii. Ni kweli pia kwamba kiwanja cha zamani cha Adisucipto kilikuwa kimebanwa na mji, na kwamba kilitumiwa pamoja na jeshi la anga. Mji mkubwa wahitaji kiwanja. Lakini neno umma halina budi kuhesabiwa watu wake. Je, mlimaji wa pilipili hamo katika umma? Aliyekula pilipili yake Jakarta hamo? Umma ukiwa ni kila mtu isipokuwa yule anayenyang'anywa, basi neno hilo limekuwa jina la adabu la wenye nguvu. Na kama faida ya wengi ndiyo iliyotafutwa kwa kweli, mwenye kutoa shamba lake kwa ajili ya wengi alistahili kushukuriwa na kuombwa, wala hakustahili kukatiwa umeme watoto wake wakiwa ndani. Ama chuma cha mchangani, hoja hii haikifikii kabisa. Shamba la mchanga hukamuliwa mwaka kwa mwaka kama ng'ombe wa maziwa; mgodi huchinja mara moja, na baada ya nyama hubaki shimo.

Hoja ya nne husema kwamba watu walilipwa fidia, na baadhi yao walilipwa fedha nyingi kuliko walivyopata kuota. Sikatai. Aliyekuwa na hati ya jaruba au ya kiwanja cha nyumba alihesabiwa thamani yake, na wengi walipokea kwa hiari. Lakini tuulize fedha ziligawanywaje. Ardhi iliyoandikwa kuwa ya Pakualaman ilipolipiwa, thamani ya ardhi ilikwenda Pakualaman. Aliyeilima alihesabiwa mimea yake na vitu alivyovijenga. Kwa hiyo mchanga uliokuwa haununuliki mpaka mkulima alipoutia uhai ulimtajirisha yule ambaye hakuutia ndoo moja ya maji. Na wale waliokataa kuuza, thamani ya mali zao iliwekwa mahakamani kwa jina lao kama sheria ya mwaka 2012 ya kutwaa ardhi iruhusuvyo, ikahesabiwa kwamba wamekwisha kulipwa. Biashara ambayo muuzaji amekataa, mnunuzi ameweka bei, na mauzo yametimia, mimi sijui lugha ya kuiita biashara.

Hapa mpinzani wangu aweza kunigeukia na kusema, "Wewe wakisifu kijiji kana kwamba ni pepo. Je, humo hamna wanyonge?" Wamo. Mtaalamu wa Kimarekani Clifford Geertz aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1963 kwamba kijiji cha Kijava kiliugawanya umaskini wake, kila mtu akapata kipande. Na wataalamu waliomfuata walionyesha kwamba mgawanyo huo haukuwa sawa hata kidogo. Kijijini wako wenye majaruba na wako wasio hata na jaruba moja, ambao hulima la mwingine kwa maro, yaani kwa nusu ya mavuno, au huvuna kwa kupewa fungu dogo la walichovuna. Nakiri hayo bila ya kusitasita, na kwangu ni sababu ya kukaza neno langu. Katika pwani hii mtu asiye na jaruba alipata kwa mara ya kwanza mahali ambapo mikono yake ilitosha kuwa mtaji. Mchanga haukuwa na bei, kwa hiyo haukumfukuza. Daftari lilipokuja, wa kwanza kupotea ndani yake alikuwa yeye: mwenye hati alilipwa kwa hati yake, na mwenye mikono mitupu aliambiwa atafute kazi ya kufagia ukumbi wa abiria.

Basi nini kitendeke? Jambo la kwanza, wanakijiji wapewe haki ya kuliandika daftari wenyewe: majirani washuhudie nani alichimba kisima gani na mwaka gani, na ushahidi wao uhesabiwe sawa na karatasi ya ofisini. Jambo la pili, mwenye kudai ardhi asiwe mwenye kutoa hukumu juu yake. Madai ya wafalme yapelekwe mbele ya mahakama kama yapelekwavyo madai ya mtu mwingine ye yote. Jambo la tatu, pale ambapo ardhi haina budi kutwaliwa, kazi ya mikono iliyoihuisha iwe ndiyo ya kwanza kulipwa, na ilipwe kabla ya jina lililoandikwa juu yake.

Najua kwamba maneno haya hayataling'oa jiwe hata moja la kiwanja kile. Lakini kiwanja ni sehemu tu ya pwani. Mashariki ya mto Serang visima vingali na maji, na mkulima angali akimwagilia pilipili zake, na mchanga ulio chini ya nyayo zake ungali na chuma. Shauri halijakwisha. Tulifundishwa tangu utoto kwamba mchumia juani hulia kivulini. Watu wa Kulon Progo wamechumia juani, na kivuli cha mivinje wamekipanda wenyewe. Kilichobaki ni kwamba mtu asiwafukuze pale wanapotaka kukaa.